Mfuko mkubwa wa kuzamia si usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu ushauri uliotoka kwenye ukurasa wenu wa safari, kwamba anayenunua vifaa vya kuzamia achukue mfuko wa hewa ulio mkubwa kuliko yote "ili asizame". Mpwa wangu alikata ukurasa ule akapanda nao Coaster kutoka Mbeya mjini hadi kwangu Tukuyu. Anajiandaa kwenda kuzamia kisiwani Mafia, na hela ya vifaa keshaiweka kando.

"Mjomba, wameandika kubwa ndiyo salama."

Nikamuuliza, kubwa kwa nani? Hakuwa na jibu, na ukurasa wenu nao hauna.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona vitu hivi: mzamiaji hubeba mtungi mgongoni, umefungwa kwenye bamba la chuma au la alumini lenye mikanda. Kati ya bamba na mtungi hukaa mfuko. Unaujaza kwa kubonyeza kitufe, unaupunguza kwa kuvuta kamba ya valvu. Wauzaji huupima kwa paundi: 18, 30, 40, mpaka 60. Gawanya kwa 2.2 upate kilo. Sisi wa Ziwa Nyasa hesabu yetu ni nyepesi zaidi, kwa sababu kila lita ya hewa ndani ya maji yasiyo na chumvi inanyanyua kilo moja.

Sasa, mfuko huo haukuwekwa pale kumzuia mtu asizame. Kuzama ndiko alikokwenda kukufanya. Umewekwa kufidia uzito ambao mzamiaji hawezi kuuepuka, na uzito huo unapimika.

Wa kwanza ni wa hewa yenyewe. Vijana wengi hawaamini kwamba hewa ina uzito mpaka niwaambie wapeleke mtungi kwenye mizani ya duka ukiwa umejaa, kisha waurudishe ukiwa umeisha. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3. Unaanza kuzama ukiwa nazo, unamaliza ukiwa umezivuta karibu zote. Wa pili unatokana na suti ya mpira. Juu ya maji inakuelesha. Kadiri unavyoshuka vipovu vilivyomo ndani yake vinabanwa na suti inaacha kukubeba. Kwenye mita 10 shinikizo ni mara mbili ya la juu, kwenye mita 30 ni mara nne. Kujua suti yako inaweza kukunyima kiasi gani, ikunje, ibinye chini ya maji hadi hewa iliyonaswa itoke, kisha ifunge risasi, yaani vile vipande vizito vya madini ya kuzamishia, kimoja kimoja mpaka izame. Yangu yenye unene wa milimita 5 inazamishwa na kilo 4. Haiwezi kuninyima zaidi ya hizo hata nikifika sakafuni mwa ziwa, na sakafu ya Nyasa ina mahali inapopita mita 700.

Jumlisha: 3 na 4 ni 7. Kisha kuna ule muda wa kungoja mtumbwi. Kichwa kikiwa nje ya maji kinadai kilo 4 au 5, ila wakati huo suti imesharudi kukubeba, kwa hiyo usizijumlishe zote pamoja. Pima na jambo moja la mwisho: ukivua vifaa ukaviacha vielee peke yake, mfuko uvibebe, pamoja na bamba na risasi yoyote uliyofunga humo. Kwa mtungi mmoja wa alumini na bamba la chuma, mimi sizidi kilo 7 kila upande ninaopimia. Mfuko wa kilo 10 hadi 13 unanitosha na chenji inabaki. Huo ni wa paundi 22 hadi 30. Mpwa wangu anakwenda kwenye bahari ya joto na suti ya milimita 3. Wa paundi 20 utamfaa. Ule wa 60 mliomshauri ni wa mtu mwenye mitungi miwili ya chuma mgongoni.

Mtasema, ukizidi una hasara gani? Nimekamata samaki wa mapambo kwenye miamba ya ziwani kuelekea Ikombe miaka mingi, na nimewaona wenye mifuko hiyo. Mfuko mpana kwenye mtungi mmoja unajikunja pande zote mbili kama chapati iliyozungushiwa yai. Hewa inanasa kwenye mikunjo. Unavuta kamba ya valvu, inatoka kidogo, nyingine imejificha upande wa pili. Ukianza kupanda, hiyo iliyojificha inatanuka. Lita 3 za kwenye mita 10 ni lita 6 ukifika juu. Zinakunyanyua, unapanda haraka, zinatanuka tena. Kupanda haraka ndiko kunakopasua mapafu na kuleta ugonjwa wa vipovu kwenye damu. Kitufe nacho kikikwama huku kinajaza, ni afadhali kijaze lita 10 kuliko 27.

Mfuko mdogo kupita kiasi nao una kesi yake. Mwenye suti ya milimita 7 au mtungi wa chuma asije akanisikiliza mimi akanunua wa 18. Na upepo wa Mwera ukivuma kutoka kusini, mawimbi yanakuwa yametembea urefu wote wa ziwa kabla ya kutufikia Matema, huku mwisho wa kaskazini. Hapo utataka shingo yako iwe juu kabisa.

Ila nikimkuta mtu analia mfuko wake haumbebi, kwanza namwambia anionyeshe mkanda wa risasi. Mara nyingi tatizo liko hapo. Amefunga kilo 12 anapohitaji 6, na sasa anatafuta mfuko mkubwa wa kubeba risasi asizozihitaji. Jipime mwisho wa kuzama, mtungi ukiwa na bar 50 na mfuko mtupu: ukitulia wima na pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Ukizama, punguza. Na anayetoka Nyasa kwenda baharini akumbuke kwamba maji ya chumvi ni mazito kwa asilimia kama 2.5. Mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 ataongeza risasi kilo 2 na nusu hivi, na akirudi ziwani atazitoa.

Kuhusu safari, ndege nyingi ndogo za kwenda Mafia zinaruhusu mzigo wa kilo 15. Bamba la chuma peke yake linakula kilo 2 na nusu au zaidi. La alumini halifiki hata moja. Risasi utapewa huko huko. Mfuko mdogo unakunjwa ukaingia kwenye begi pamoja na miwani na mapezi. Uoshe ndani kwa maji safi, umwage, uuanike kivulini umejaa hewa. Hapa Tukuyu kuanika ni mtihani, mvua ni mwenyeji. Mimi nautundika jikoni mbali na moto.

Mliacha pia jambo linalotuhusu sisi wa huku kuliko watu wa pwani. Matema iko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700, na pale Isyonje, njiani kwenda Mbeya, barabara iko juu zaidi ya mji wenyewe. Kwa mwili uliotoka kuzama, kupanda huko ni sawa na kupanda ndege: saa 12 za kusubiri ukizama mara moja, 18 ukizama mara kadhaa au siku mfululizo. Lala Matema, wali upo.

Naomba toleo lijalo msahihishe, na mkiandika ukubwa wa mifuko hiyo muuandike kwa kilo.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkulima wa chai, mzamiaji wa zamani,
Tukuyu, Rungwe.