Mifano ya majahazi iundwe kwa kipimo na iandikwe jina la fundi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme neno kuhusu majahazi madogo ya mbao yanayowekwa kama maonyesho katika hoteli, ofisi za umma na kumbi za mikutano hapa Pwani. Nimekuwa seremala kwa zaidi ya miaka 30, na tangu nilipoacha kazi ya milango na vitanda nimeshughulika na kuunda mifano ya vyombo vya tanga, kwa hiyo nikiingia mahali penye kijahazi juu ya kabati, macho yangu huenda huko hata kabla sijamsalimu mwenyeji. Mara nyingi ninachokiona hunitia huzuni.

Mwezi uliopita niliingia katika ukumbi mmoja, ambao sitautaja, nikaukuta mfano wa jahazi niliouuza miaka sita iliyopita. Niliuunda kwa kipimo cha moja kwa ishirini, yaani jahazi la mita 15 limekuwa sentimita 75, na ubao wenye unene wa sentimita 4 umekuwa milimita 2. Ulikuwa umewekwa dirishani ndani ya sanduku la kioo, jua la alasiri likiupiga moja kwa moja, na mbao za ubavu wa kushoto zimeachana kiasi cha kupitisha ukucha. Tanga lilikuwa limefungwa upya na mtu asiyelijua, maana foromali, yaani mti wa juu unaobeba tanga, ililazwa sawasawa kama fimbo ya pazia, na chini ya tanga pameongezwa kijiti cha kulinyoosha. Jahazi la mwambao wetu halina kijiti hicho. Tanga lake liko huru upande wa chini, na pembe yake ya nyuma hushikwa na demani peke yake, yaani kamba ya kulivutia tanga, ndiyo maana baharia huweza kulilegeza mara moja upepo unapozidi. Kadi iliyowekwa mbele ya sanduku ilikuwa na maneno mawili tu: Jahazi, Pwani.

Huenda msomaji akaona kwamba nalalamikia jambo dogo. Naomba afikirie jinsi vyombo vyetu vinavyoundwa. Fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hulaza mkuku, yaani mti wa chini kabisa wa chombo, husimamisha hanamu, mti wa mbele, na fashini, mti wa nyuma, kisha hupandisha mbao moja baada ya nyingine kwa jicho, kamba na mkono, pasipo karatasi yoyote iliyochorwa. Hesabu yote imo kichwani mwake. Siku anapofariki, kinachobaki ni chombo alichokiunda, nacho pia huchakaa, kikapandishwa ufukweni na kupasuliwa, mbao zake zikageuzwa viti na fremu za vioo. Mahali ambapo michoro haikuwahi kuwapo, mfano uliopimwa vizuri ndio mchoro tulio nao.

Yaliyoupata mtepe yanatosha kututia hofu. Chombo hicho kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, chenye tanga la mraba la mkeka na gubeti, yaani ncha ya mbele, lililonyooshwa kama shingo ya ngamia, kilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na leo hakuna hata mmoja wa zamani uliosalia. Tunachokijua tumekipata katika picha chache, katika maandishi ya watu kama James Hornell, mtafiti Mwingereza wa vyombo vya baharini, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1941, na katika mifano midogo kama ule ulioko Makumbusho ya Lamu. Mafundi walipounda mtepe mzima upya huko Unguja mwaka 2003 ili uwekwe ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, hawakuwa na mtepe wa kale wa kuupima. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba elimu ya chombo isiwekwe chini ya paa moja tu.

Mimi mwenyewe nilijaribu kushona mtepe mdogo. Matundu niliyatoboa kwa keekee niliyoitia sindano ya cherehani, na nyuzi za makumbi nikazisokota pajani mpaka zikawa nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Kila uzi ulipokwisha kukazwa niliziba tundu lake kwa kigingi cha mti chembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kazi hiyo ilinichukua miezi minne. Nilipoubonyeza ubavu kwa kidole, ulinepa kidogo kisha ukarudi mahali pake, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mkono wangu maneno ya wazee kwamba mtepe ulivumilia kukwama mchangani kuliko chombo cha misumari. Jambo hilo picha haiwezi kulionyesha.

Sina ugomvi na vijana wanaowauzia watalii vijahazi vya haraka, kwani wanatafuta riziki ya halali na mnunuzi wao anataka kumbukumbu ya safari. Maneno yangu nawaelekeza wanaoweka vyombo mbele ya umma kwa niaba yetu. Wanunue kwa fundi aliyewahi kufanya kazi katika chombo chenyewe, na wamlipe kwa miezi aliyoitumia. Sanduku likae mbali na dirisha. Kadi iseme ni chombo cha aina gani na cha wapi, kwa sababu jahazi la Lamu lina hanamu iliyosimama wima na la Unguja lina hanamu iliyolala, na mtoto wa shule anayevitazama viwili hivyo ana haki ya kuambiwa tofauti yake. Iseme pia kipimo, miti iliyotumika, mwaka, na jina la fundi. Mchoraji wa picha ya ukutani huandikwa jina lake, lakini aliyechonga mataruma arobaini, yaani mbavu za chombo, kwa mkono hatajwi.

Nimemwomba msimamizi wa ukumbi ule aniruhusu niende siku moja, bila malipo, nikaking'oe kile kijiti, niiinue foromali ili ncha yake ya nyuma ielekee juu kama inavyotakiwa, na niandike kadi upya. Bado nasubiri jibu. Jahazi kubwa nililolipima ili kuunda mfano ule liliundwa na mzee wa Matondoni aliyenifunza kushika tezo, na jina lake ndilo nitakaloliandika juu ya langu.

Seremala mstaafu,
Mombasa