Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Maabara, Mtwara na Lindi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya Kamati Tendaji vilifanyika, waliofiwa walipelekewa rambirambi, wenzetu wapya wa Liwale na Tandahimba wamepokelewa, na daftari la wanachama limehuishwa, kazi iliyokuwa imelala hadi nilipoishikia bango. Tuko wanachama 64. Waliomaliza ada ya shilingi 30,000 ni 23, waliolipa nusu ni 9, waliosalia hawajatoa kitu. Makusanyo 825,000, matumizi 780,000, baki 45,000. Mwenye swali amwone Mhazini, vitabu viko wazi.

Nije kwenye jambo lililozua maneno: uamuzi wa kufuta safari ya Mikindani na kuelekeza fedha zake kwenye mafunzo ya kromatini (DNA pamoja na protini inazozungukia) na saratani ya mapafu, pamoja na ununuzi wa chumvi za fosfeti. Imesemwa kwamba Mwenyekiti analeta mambo ya vyuo vikuu wakati vitendanishi vya kawaida havitoshi. Uamuzi ulipitishwa na Kamati Tendaji na muhtasari uko kwa Katibu. Hata hivyo nitaeleza upya, maana waliolalamika zaidi ndio ambao hawakuja.

Kiini cha seli moja hubeba DNA ya urefu wa takriban mita 2. Imezungushwa kwenye protini za histoni, jozi za besi (herufi za DNA) 147 hivi kwa kila nukleosomu, yaani kila fundo la DNA na histoni, na ikishindiliwa jeni zilizomo hazisomeki. Ni sawa na ghala la korosho msimu ukikolea: gunia la nyuma hulifikii mpaka makuli wasogeze ya mbele. Makuli wa kwenye kiini ni mikusanyiko ya protini kama SWI/SNF, inayotumia nishati ya ATP kusukuma nukleosomu au kuing'oa kabisa. Injini yake ni protini BRG1, inayotokana na jeni SMARCA4, au pacha wake BRM, kutoka jeni SMARCA2. Kila mkusanyiko huwasha injini moja tu kati ya hizo mbili.

Moshi wa sigara hukwangua DNA, na SMARCA4 ni mojawapo ya jeni zinazoumia. Katika saratani za mapafu zisizo za seli ndogo, ambazo ndizo nyingi zaidi, takriban 1 kati ya 10 ina mabadiliko kwenye jeni hiyo. Mara nyingi jeni za STK11 na KEAP1 huharibika pamoja nayo. Zote tatu ziko kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 19. BRG1 ikikosekana, jeni za kuikomaza seli na kuizuia isigawanyike hubaki zimefunikwa, na seli husahau kwamba ni ya pafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliutambua uvimbe wa kifua wenye upungufu wa SMARCA4 kuwa aina inayojitegemea. Huwapata zaidi wanaume wavutaji, hukua haraka, na wagonjwa wengi huishi miezi michache tu.

Sasa, hili linatuhusu vipi sisi wa Newala na Nachingwea? Linatuhusu kwenye chupa ya sampuli. Saratani iliyopoteza BRG1 mara nyingi haichukui rangi ya TTF-1, alama ya pafu, hivyo msomaji wa slaidi anaweza kudhani imetoka kwenye kiungo kingine. Kipimo cha kuamua ni kingamwili ya BRG1: protini ikiwepo kiini huwa kahawia, isipokuwepo hubaki bluu. Slaidi nzuri huonyesha viini vya uvimbe vikiwa bluu tupu, huku limfosaiti (chembe nyeupe za damu) na kuta za mishipa ya damu pembeni yake zikiwa kahawia. Limfosaiti nazo zikiwa bluu, usiandike kwamba protini imepotea: kipimo kimefeli, na mara nyingi kimefelishwa na sisi tulioikata tishu na kuitia kwenye dawa ya kuihifadhi, yaani formalini.

Ndiyo sababu ya chumvi za fosfeti: huizuia formalini isiwe asidi. Formalini iliyozimuliwa kwa maji matupu hugeuka asidi polepole, huacha chembe za kahawia kwenye tishu na kuikatakata DNA. Kwa lita moja: formalini kali ya asilimia 37 hadi 40 mililita 100, maji yaliyokenekwa mililita 900, sodiamu dihaidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji gramu 4, na daisodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. pH (kipimo cha uasidi) iwe karibu na 7, ipimwe, isikisiwe. Dawa iwe mara kumi ya ujazo wa tishu, tishu iingie ndani ya saa moja, ikae saa 6 hadi 72. Sampuli ya Ijumaa ikisubiri Jumatatu ndani ya maji ya chumvi ya kawaida badala ya formalini imeoza, na hakuna hospitali ya rufaa itakayoifufua. Na kivuli kwenye eksirei kisichopungua mgonjwa akimaliza dawa za kifua kikuu kiulizwe, kisiongezewe dozi.

Tiba inayoilenga hali hii ipo kwenye majaribio. Seli iliyopoteza SMARCA4 huishi kwa kutegemea SMARCA2, kwa hiyo zinatengenezwa dawa za kuiangamiza SMARCA2. Zikifika, watakaonufaika ni wenye sampuli zinazosomeka. Kama huo ni ubadhirifu, basi nimeukubali.

Mahudhurio yalisikitisha. Mafunzo ya Masasi yaliandaliwa kwa watu 40, wakaja 17, na baadhi walisaini daftari, wakala chakula cha mchana, wakatoweka kabla ya zoezi la pH. Wengine waliuliza posho kabla ya kuuliza mada. Pilau iliyobaki iligawiwa walinzi.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mizani ya kupimia chumvi kwa kila wilaya, na pengine mtaalamu wa patholojia wa kutuonyesha slaidi kwa mtandao. Safari ya Mikindani itafikiriwa fedha zikiruhusu. Wadaiwa walipe kwa Mhazini kabla ya Mkutano Mkuu na wadai risiti papo hapo. Asiye na risiti hatapiga kura.

Mwenyekiti