Mwandishi wa riwaya za mapenzi naye anafanya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuhusu sisi tunaoandika riwaya za mapenzi na kuzichapisha kwa fedha zetu wenyewe. Tunapozungumziwa, huzungumziwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaosema kuwa tunaandika porojo za kuwapotezea vijana muda, na wapo wanaotupenda mno, wanaosubiri kila sehemu mpya kwa hamu, wakaisoma usiku kucha, kisha asubuhi wakaisambaza kwa ndugu na marafiki katika makundi ya WhatsApp bila mwandishi kuambulia hata senti. Hawa wanatudharau na wale wanatupenda, lakini pande zote mbili zinakubaliana, hata kama hazikukusudia, kwamba kuandika hadithi ya mapenzi si kazi ya kulipwa. Mimi nasema ni kazi, na naomba nieleze inavyofanyika.

Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na mchana nina ajira nyingine ambayo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Huamka saa kumi alfajiri nikaandika mpaka watoto wanapoamka kujiandaa kwenda shule. Rasimu ya kwanza huiandika kwenye simu, maana simu ndiyo ninayoweza kuwa nayo hata ndani ya daladala, na mwisho wa wiki huihamishia kwenye kompyuta ya steshenari moja ya mtaani ambako nalipia kwa saa. Wenzangu wengi ninaowafahamu wanafanya hivyo hivyo. Yupo anayeandika dukani kati ya mteja na mteja.

Riwaya ya mapenzi ina ugumu wake ambao wasioiandika hawauoni. Mwandishi wa hadithi ya upelelezi anaweza kumficha muuaji hadi ukurasa wa mwisho, lakini msomaji wangu anajua mapema kabisa nani atampenda nani. Nguvu yote ya hadithi inabaki kwenye kikwazo kinachowatenganisha wawili hao, na kikwazo hicho lazima kiwe cha kweli. Simu kuzima chaji au barua kuangukia mikononi mwa mtu mwingine ni vikwazo vya siku moja, na msomaji makini huona amechezewa. Kikwazo chenye uzito hutoka katika maisha yenyewe: mahari, dini, madeni, mtoto wa uhusiano uliopita, uhamisho wa kazi. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, wapo watumishi wengi waliokuja kuripoti Mji wa Serikali wa Mtumba huku wakiacha wachumba Dar es Salaam, na nilikuwa nimeijenga riwaya nzima juu ya umbali huo. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwa basi ikawa ya saa nne hivi, na kikwazo changu kikafa. Mtu anayempenda mwenzake hawezi tena kusingizia barabara. Nilirudi mwanzo nikajiuliza ni nini kingine kinachomfanya kijana yule asipande treni Ijumaa jioni, na jibu lililopatikana, kwamba aliona aibu kumkabili baba wa binti akiwa bado hajajenga, lilinipa hadithi nzito kuliko ile niliyokuwa nayo.

Kazi nyingine hufanyika mbali na karatasi. Katika riwaya yangu nyingine, binti ni mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, hapa Dodoma. Nilitaka wapendanao waachane wakati shamba linapogolewa na wakutane wakati wa mavuno, kwa hiyo nilikwenda kumwomba mama mmoja mwenye shamba huko anieleze majira yake. Kwa subira kubwa alinieleza kwamba tangu kupogoa hadi kuvuna hupita miezi kama minne, na kwamba Dodoma ina bahati ya kuvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Alinionyesha mizabibu ya Makutupora nyekundu, inayotengenezewa mvinyo, na akanipa mkasi wake wa kupogolea niujaribu. Mpini wake alikuwa ameuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili usimchubue, na hata hivyo katikati ya kiganja chake palikuwa na sugu ngumu. Sura ya tatu ya riwaya hiyo ilianzia kwenye sugu hiyo: kijana wa ofisini anapeana mkono na binti, anaigusa, na kwa mara ya kwanza anatambua kwamba huyu ni mtu aliyefanya kazi nzito kuliko yeye. Hapakuhitajika neno lolote la mapenzi katika ukurasa ule, na wasomaji wengi walionipigia simu waliutaja huo kabla ya mwingine wowote.

Wanaosema tunaharibu vijana ningewaomba wasome kwanza. Tunaandika habari za ndoa, na anayeandika habari za ndoa analazimika kujua sheria inasemaje. Mzee katika hadithi yangu anapodai kwamba ndoa ni batili kwa kuwa ng'ombe wa mahari hawajatimia, mwandishi anapaswa kujua kuwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa haibatiliki kwa sababu ya mahari kutolipwa, na kisha aamue ni nani katika familia ile atakayethubutu kumweleza mzee huyo, na kwa heshima gani. Vivyo hivyo kuhusu umri. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya sheria hiyo vilivyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba. Mimi sitaandika mhusika wa kupendwa na kuposwa akiwa bado mtoto, hata kama kuna wasomaji wanaoniomba hadithi za wanafunzi, na ninawajua wenzangu kadhaa wenye msimamo huo huo.

Rasimu ikikamilika huwa naisoma kwa sauti, hasa mazungumzo, kwa sababu sikio hugundua uongo mapema kuliko jicho. Mama mkwe anayezungumza kama mtangazaji wa redio hawezi kumtisha mtu. Halafu muswada unakwenda kwa mhariri, ambaye analipwa. Mchora jalada analipwa. Na mtambo wa uchapaji una hesabu zake ambazo hazimjali mwandishi. Kwa kawaida karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 160 kina makunjo kumi kamili, na kikizidi hadi 165 unalipia kunjo zima la kumi na moja. Kurasa tano hizo nimewahi kuzikata usiku mmoja, sentensi baada ya sentensi, ili bei ya nakala ibaki ile ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kuitoa.

Vitabu vikishatoka, maduka huvichukua kwa mali kauli, yaani mwandishi anaacha nakala na kusubiri zinunuliwe ndipo alipwe. Silalamikii utaratibu huo, kwani mwenye duka naye ana kodi yake. Kinachoniumiza ni kilichotokea kwa riwaya yangu ya mwisho. Kabla nakala za dukani hazijauzwa hata nusu, mtu alikuwa ameupiga picha kila ukurasa, akaunganisha picha hizo kuwa faili moja na kulisambaza. Kidole gumba chake kinaonekana pembeni mwa kurasa nyingi. Nililetewa faili hilo na msomaji aliyetaka kunipongeza, akaniambia kwa furaha ya dhati kwamba ofisi yao nzima imekisoma. Sikuwa na hasira naye, kwa sababu aliamini ananipa habari njema. Lakini ofisi hiyo nzima ingenunua nakala, ningemlipa mhariri wa riwaya inayofuata, ambayo hadi leo imelala ndani ya simu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na inazilinda kazi za fasihi bila kujali ubora wala madhumuni yake. Haibagui kati ya kitabu kinachosomwa darasani na kitabu kinachosomwa kitandani. Najua kwamba siwezi kumshtaki kila anayegusa kitufe cha kutuma, wala sitaki kumpeleka mahakamani mtu anayenipenda. Ninachokitaka ni kwamba atakayeletewa faili la namna hiyo amuulize aliyemtumia kitabu kinauzwa wapi. Wengi wetu tunaweka namba ya simu ya mwandishi ndani ya jalada, na malipo kwa simu huchukua muda mfupi kuliko kupakua faili.

Kwako wewe Mhariri nina ombi mahususi. Tunaishukuru Serikali kwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitunukiwa Aprili 2023, lakini washindi wa tuzo yoyote ni wachache, na sisi wengine tunategemea wasomaji, ambao hawawezi kununua kitabu wasichojua kama kipo. Magazeti ya Kiswahili yamelea hadithi za mfululizo kwa miaka mingi na yana wasomaji wanaozipenda. Naomba gazeti lako litenge safu, hata ya nusu ukurasa kila wiki, ya kuhakiki vitabu vinavyochapishwa na waandishi wenyewe, riwaya za mapenzi zikiwemo, na mhakiki aseme wazi palipo pabaya kama atakavyosema palipo pazuri. Kikwazo kikiwa dhaifu, aandike kuwa ni dhaifu. Mazungumzo yakiwa ya bandia, aoneshe sentensi. Uhakiki mkali ulioandikwa na mtu aliyekisoma kitabu hadi mwisho tutaupokea kwa shukrani, kwa kuwa utakuwa umetuhesabu miongoni mwa waandishi. Nakala za kuanzia nitazileta mwenyewe katika ofisi yenu ya hapa Dodoma, na nimekwisha kuzungumza na wenzangu wa Singida na Kondoa ambao wako tayari kutuma za kwao.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa riwaya,
Nkuhungu, Dodoma