Shuga glaida kumaliza matunda yote sio dalili kwamba anakula vizuri

Wateja wengi wakituuliza chakula cha shuga glaida (sugar glider, kale kanyama kadogo kanakofugwa, kanakoruka kwa kuelea hewani) swali la kwanza ni nimpe matunda gani, yaani kama vile hamna kingine anachokula, na ukiwauliza kwa sasa anakula nini wanasema ndizi, tikiti, tufaha, tena anamaliza yote. Sasa hapo ndo penye shida.

Huyu mnyama asili yake ni Australia na Guinea Mpya, na kule porini anang'ata magome ya mikalitusi na migunga apate utomvu na gundi, analamba mbochi (maji matamu ya maua) na chavua (unga wa maua), na wadudu anawala kwelikweli. Matunda tunayonunua sisi yana sukari nyingi na kalsiamu kiduchu. Kwenye chakula chake kalsiamu inatakiwa izidi fosforasi, sisi tunalenga 2 kwa 1, ikipungua mwili unaenda kuichota kwenye mifupa. Mwanzoni huoni kitu, baadae anaacha kuruka, anatetemeka, miguu ya nyuma inalegea anaanza kuiburuta, na anayemfuga anadhani ameanguka usiku kumbe ni chakula cha miezi mingi. Ukiona hivyo usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa wanyama, na muweke kwenye tundu fupi asipande juu maana mifupa ikishakuwa laini inavunjika kirahisi.

Wadudu nao wana mtego wao. Wengi wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na wale funza wa unga tena wana mafuta mengi, kwa hiyo walishe wadudu hao vizuri siku moja au mbili kabla ya kumpa, afu wapake poda ya kalsiamu. Wa kuokota nje achana nao, hujui wamepuliziwa dawa gani.

Tunachouza sisi ni mchanganyiko wa yai la kuchemsha, asali, maji, vitamini na kalsiamu, vinasagwa kwenye blenda vinagandishwa vipande vidogo. Tunasaga makusudi, maana ukimuwekea vitu vizimavizima anachambua vitamu tu kama mtoto aliyeachiwa sahani ya pipi na mboga. Matunda yanabaki kidogo sana pembeni, yakatwe madogo. Ila tafadhali ukichukua mchanganyiko wetu usiongezee na poda ya mapishi mengine uliyoona mtandaoni, vitamini zikizidi nazo zinadhuru.

Weka chakula jioni anapoamka, asubuhi toa kilichobaki. Mnyama wa gramu 100 mpaka 160 hali kingi, usiku mzima ni kijiko kimoja cha chakula au viwili, watu wanashangaa sana hapo. Chokoleti, vitunguu vya aina zote, parachichi na kahawa hapana kabisa, na mbegu za alizeti ni mafuta matupu.

Kama amezoea matunda usibadilishe ghafla, atagoma (na anajua kugoma huyu!), changanya kidogokidogo kwa wiki kadhaa huku unampima kwenye mizani ya jikoni, akianza kupungua rudi nyuma hatua moja.

Ukitutafuta kwa ushauri tuandikie uzito wake na kila alichokula wiki hii, pamoja na zile karanga anazopewa na watoto, maana hizo huwa hazitajwi mpaka tuulize mara mbili.