Harambee ya Majeruhi wa Bodaboda, Malindi

Assalaamu alaykum, na Bwana asifiwe. Sisi ni waendesha bodaboda wa Maweni, Shela na Muyeye, pamoja na akina mama wa chama cha mtaa. Tunaomba mchango wenu.

Barabara ya Mambrui, daraja la Sabaki hadi Gede mnaijua. Pikipiki ikigongwa, mguu ndio hutangulia, na mfupa ukichomoza nje ya ngozi uchafu huingia papo hapo. Majeruhi akichelewa kupata antibiotiki na kusafishwa, kidonda huoza, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu hiyo.

Kikaoni kuna waliotaka tuinunulie hospitali mashine ya kuosha vidonda kwa maji ya kasi. Muuguzi mmoja kati yetu akatuzuia. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa hospitali 41 za Marekani, Kanada, Australia, Norwe na India. Hospitali moja haipati majeruhi wa kutosha kujibu swali kama hilo, basi kila moja ikachanga wagonjwa wake, wakafika zaidi ya 2,400, wote mfupa umevunjika na ngozi imepasuka. Maji yawe ya kasi au ya taratibu, waliorudishwa kupasuliwa tena ndani ya mwaka walikaribiana: kama 13 katika kila 100. Kilichotofautisha ni sabuni. Waliooshwa kwa sabuni walirudi karibu 15 kwa 100. Kwa maji ya chumvi, haya haya ya dripu, karibu 12. Cha rahisi ndicho kilichoshinda, jamani! Mashine hatununui.

Tutanunua katoni za maji ya chumvi na bandeji za kupeleka hospitali, banzi na glavu za kila steji, na tuweke akiba ya mafuta ya gari kwa anayepewa rufaa ya Mombasa usiku. Ni zaidi ya kilomita 100, na wenye magari saa hizo hawataki maneno ya "nitakulipa kesho". Kuosha tutawaachia madaktari. Sisi stejini ni kufunika kwa kitambaa safi, kufunga banzi na kumkimbiza.

Lengo ni shilingi 150,000. Asiye na hela alete shuka safi za pamba, au ajitolee gari lake kwa zamu. Mweka hazina yupo steji ya Maweni Ijumaa baada ya sala na Jumapili baada ya ibada. Mchango wako utaandikwa daftarini ukiona, na risiti za duka la dawa zitabandikwa hapo hapo.