Barua ya wazi kwa mdogo wangu mchoraji: njoo Bagamoyo kwanza

Mdogo wangu,

Naandika hapa wazi kila mtu asome, maana nikikutumia WhatsApp naona tiki mbili za bluu halafu kimyaa mpaka wiki ijayo. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza yote. Unasema mawazo yamekata, unakaa mbele ya bodi na kopo la rangi umeshalifungua na hakuna kinachokuja, unaingia Pinterest kutafuta picha ya kuanzia, unatoka huko saa sita za usiku macho mekundu na bodi bado jeupe. Mi naona tatizo ni kwamba kichwa kimejaa picha za watu mpaka ya kwako haina pa kukaa.

Tembo na twiga sijakukataza. Ndio wanaolipa kodi ya chumba, wageni wanawataka, wachore. Ila yule twiga wako umemtoa kwa jirani yako wa kibandani, naye kamtoa kwa mwingine, na huyo mwingine sijui kamtoa wapi, mpaka shingo imekuwa haina mfupa ndani. Mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha huo uchoraji wa tingatinga, ambaye nyote hapo mnakula kwa jina lake, katokea zake Tunduru, hakusomea sanaa popote, kaanza kuchora 1968 hapo hapo Dar kwa vipande vya bodi na rangi za baiskeli, na 1972 akafariki. Miaka minne tu bana! Sasa mtu aliyeanzisha kitu chake kwa vilivyokuwepo mbele yake, na nyie mnamheshimu kwa kunakili nakala ya nakala. Haya, nimeshasema, usinune.

Ninachotaka uje ufanye huku ni kukaa tu. Mikokoni, maji yakishakupwa. Mwanzo huoni kitu, ni tope na matundu, na hapo ndipo wengi wanapiga selfi wanaondoka. Wewe tafuta mzizi wa kukalia utulie. Kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa wakiona kivuli kinatembea wote wanazama shimoni, na hawatoki mpaka waamini kwamba wewe ni kisiki, unaweza kukaa dakika kumi nzima unaumwa na mbu unajiuliza dada yangu ana akili kweli? Halafu anatoka mmoja, wawili, mara tope lote linatembea. Wenye lile gando ni madume, wanalipunga kuita majike na kutishana wenyewe kwa wenyewe, wengine liko kulia wengine kushoto, na halifai kulia chakula hata kidogo, kwa hiyo dume anakula kwa mkono mmoja ule mdogo wakati jike anakula kwa miwili, chap chap, yeye anahangaika. Ukishaliona hilo utamchora kaa tofauti kabisa, maana utajua lile gando ni mzigo.

Hicho ndicho ninachokisema siku zote na wewe unaniona nazeeka. Angalia kitu mpaka ujue kwa nini kina umbo hilo, mkono utapata la kufanya wenyewe. Chukua mchu, ule mkoko mmojawapo. Ile mizizi yake inayochomoza juu kwenye tope kila upande watu wanaichora kama pambo la chini ya picha, kumbe ndiyo inayovuta hewa, tope lile halina hewa, mti ungekufa. Na jani lake ukililamba lina chumvi, mti wenyewe unaitoa kupitia majani. Lamba, usione aibu, hakuna anayekuangalia. Halafu tope lenyewe liangalie vizuri, mnalipaka jeusi kila siku, lina zambarau ndani, lina ukijani, lina mng'ao fulani kama mafuta ya taa juu ya dimbwi, na hiyo rangi haimo kwenye makopo yako, itabidi uichanganye na uharibu makopo mawili matatu. Poa tu.

Na simu iache kwenye mfuko. Ukishapiga picha jicho linaona kazi imekwisha. Beba daftari na peni ya kawaida, chora vibaya, andika pembeni maneno, huyu kageuka kwanza halafu ndio kakimbia, vitu kama hivyo.

Ukija msimu wa mvua kuna mnana kwenye mnazi wa nyuma ya nyumba, wale njano wenye kichwa cheusi na jicho jekundu, makelele kuanzia alfajiri mama anawalaani kila siku kwa sababu wanauchana mnazi makuti yote. Dume anaanza na pete moja ya nyuzi za majani, anasimama humo humo ndani ya pete anasuka kuelekea mbele na nyuma, akimaliza ananing'inia chini ya kiota anapigapiga mabawa. Jike anakuja, anaingia, anakagua, anaondoka zake. Kiota kikishageuka kahawia bila kupata mwenyewe dume anakibomoa anaanza kingine cha kijani. Najua unataka niseme eti na wewe ni hivyo hivyo, sisemi, ni ndege tu anatafuta mke. Mi ninachotaka uone ni ile pete, jinsi nyumba nzima inavyopimwa kwa urefu wa mwili wake mwenyewe.

Kama nauli hakuna, basi hapo hapo Kinondoni. Taa ya kibarazani usiku ina mjusi kafiri anawinda nondo, kaa umwangalie jinsi anavyosogea halafu anaganda. Kunguru wa jalalani je? Wote unawachora weusi ti wakati shingo zao ni za kijivu, na hao unawaona kila siku ya Mungu.

Ila bora uje. Angalia mwezi kwanza, ukiwa mpevu au ukiandama ndio bamvua, maji yanakupwa mbali sana na huku ni kwenye saa nne asubuhi hivi, kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kwa hiyo usiniambie tu "nakuja wikiendi", wikiendi ipi? Njoo jioni ya kuamkia, ulale. Usivae raba nyeupe, tope la mikokoni halitoki hata kwa jiki. Nauli ya kuja jitegemee, ya kurudi nitakupa mimi, na mama anasema uje na lile sufuria lake uliloondoka nalo Idi.

Dada yako