Maji maangavu si maji salama kwa samaki

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kufuga samaki wa baharini sebuleni niliisoma kwa furaha, mpaka nilipofika pale mliposema maji ya chumvi yakishakuwa maangavu, kesho yake samaki watiwe. Naomba msahihishe. Niliamini hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, nikaua samaki wawili.

Tangi langu ni la lita 180. Kipimo cha chumvi kilionyesha 1.025 (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), kama baharini, joto nyuzi 26, na ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini. Muuzaji akasema tayari. Siku ya tatu nikatia samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Siku ya sita walikuwa juu kabisa ya maji, wakihema, matamvua yakipiga mbiombio. Asubuhi ya siku ya nane nikamtoa wa pili, amekufa. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ni amonia, taka ya mwili yenye sumu, tena waliyoitoa wenyewe, maana samaki huitoa sehemu kubwa ya amonia yake kupitia matamvua, na mle tangini hakukuwa na wa kuila.

Walaji hao ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti. Jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Makazi yao hasa ni juu ya mawe, mchangani na katika sponji ya kichujio. Na huzaliana polepole mno: wapo bakteria wanaoongezeka maradufu kwa dakika 20, lakini hawa huhitaji saa nyingi.

Mara ya pili sikutia samaki. Nilidondosha amonia isiyo na sabuni wala manukato mpaka ikafika miligramu 2 kwa lita, kisha nikawa napima kila jioni na kuandika daftarini. Siku kumi kipimo hakikusogea hata kidogo. Hapo ndipo mtu hushikwa na tamaa ya kumwaga maji yote aanze upya, na ningeomba asifanye hivyo. Siku ya 11 amonia ilianza kushuka na nitriti ikajitokeza, ikakaa juu zaidi ya wiki mbili. Vioo vikaota utando wa kahawia; nikauacha. Siku ya 34 nilitia tena miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia sifuri, nitriti sifuri. Nikabadilisha theluthi ya maji kupunguza nitrati, nikatia samaki mmoja. Mmoja tu, kwa sababu bakteria huwa wengi kadiri ya chakula wanachopata, na samaki wanne kwa mkupuo wangewazidi nguvu.

Zipo chupa za bakteria hai zinazouzwa, na nzuri hufupisha safari. Hata hivyo, anayezitumia apime kama mimi, asitegemee maandishi ya chupa.

Kwa wauzaji nina ombi moja. Mteja anayenunua tangi leo, mwuzieni na kipimo cha amonia, mumwambie samaki wake atakuja kuwachukua wiki kadhaa baadaye, vipimo vyake mkononi. Mimi ningekubali kungoja, lau ningeambiwa.

Mfugaji wa samaki, msomaji wenu